Farasi si samaki



Leo naandika kuhusu farasi. Najua mnaguna. Mtu anagombania daladala kila asubuhi, halafu anakuja hapa kuwapigia kelele za farasi wa Ulaya! Nivumilieni. Mkifika mwisho mtaona kwa nini nimekasirika, na kwa nini nadhani inawahusu hata ninyi ambao farasi wa karibu kabisa mmemwona ni yule wa polisi.

Ilikuwa wiki ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024. Televisheni ya chumba chetu cha habari inakaa juu ya kabati la mafaili, na mara nyingi sauti imezimwa. Jioni hiyo ilikuwa inaonyesha Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa kwa nyuma, na mbele uwanja wa mchanga wa mita 20 kwa 60. Farasi alikuwa anachapa mchakamchaka palepale, bila kusogea, kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandikia nyumba. Shingo imejikunja kama upinde, kichwa kimeinama.

Mzee wetu mmoja wa dawati la michezo akavua miwani, akasema: “Mwoneni alivyoinamisha kichwa. Hiyo ndiyo adabu. Samaki mkunje angali mbichi! Ninyi vijana mlikosa mtu wa kuwakunja.”

Tukacheka, na mimi nikacheka. Nikamjibu, “Mzee wangu, sisi tulikunjwa sana, tatizo tulikunjwa vibaya.” Yakaisha. Lakini usiku sikulala vizuri, maana siku chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimehariri habari ya Charlotte Dujardin, Mwingereza mwenye medali sita za Olimpiki katika mchezo huohuo. Tarehe 23 Julai alijitoa Paris baada ya kutokea video ya miaka ya nyuma ikimwonyesha akimchapa farasi wa mwanafunzi wake miguuni kwa mjeledi mrefu, mara baada ya mara. Nikajiuliza: kama bingwa anachapa, basi ile adabu aliyoisifu mzee inatoka wapi?

Nikaanza kusoma. Nimesoma kwa muda mrefu sasa, na kicheko kimeniisha.

Ngoja niseme wazi mapema, ili asiwepo wa kunisingizia. Simsemi yule farasi wa siku ile wala aliyempanda. Ninachopinga ni wazo. Wazo kwamba kichwa kilichoinama ni ushahidi wa mafunzo mema. Huo ni uongo, na mchezo mzima umekuwa ukiupa uongo huo alama.

Tuanze na mchezo wenyewe. Unaitwa dresaji, neno la Kifaransa lenye maana ya mafunzo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, zinaeleza lengo lake vizuri kabisa: farasi awe mtulivu, mlaini, amelegea, anajiamini, anaelewana na aliye mgongoni mwake. Zinataka hata awe mwanariadha mwenye furaha. Kuhusu kichwa, kanuni zinataka utosi uwe sehemu ya juu kabisa ya shingo, na mstari wa uso uwe mbele kidogo ya wima. Yaani pua itangulie. Hakuna mahali palipoandikwa kidevu kifike kifuani.

Sasa, farasi anafikaje kwenye ulaini huo? Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo twende polepole.

Farasi aliyesimama peke yake hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa sababu kichwa na shingo ile ndefu viko huko. Hilo halimsumbui. Anakula majani, anakimbia, maisha yanaendelea. Balaa linaanza siku anapopandwa na binadamu wa kilo 70. Mizani yake inaharibika. Ni sawa na wewe kubebeshwa mtoto anayejitikisa mgongoni huku umeambiwa ukimbie. Utakaza mgongo, utabana pumzi, utaegemea chochote kilicho karibu. Farasi naye anakaza mgongo, anaegemea hatamu, na hatua zake zinakuwa fupi na ngumu.

Kazi ya mwalimu ni kumrudishia mizani yake. Wajerumani wameipanga kazi hiyo kwa ngazi sita: mdundo wa hatua, kulegea, mgusano mwepesi wa hatamu, msukumo wa miguu ya nyuma, kunyooka, na mwisho kabisa kujikusanya. Angalia kulegea kuko wapi. Ngazi ya pili! Na kule kujikusanya kunakoleta shingo ya upinde ni ngazi ya mwisho. Huanzi nyumba kwa kuezeka.

Mdundo kwanza, kwa sababu farasi mwenye hofu hawezi kutunza mdundo. Akitembea unapaswa kusikia kwato nne, moja baada ya nyingine, kwa nafasi sawa. Kisha kulegea. Juu ya shingo ya farasi kuna kano nene inayotoka utosini hadi mabegani, halafu inaendelea juu ya uti wa mgongo. Akinyoosha shingo mbele na chini kwa hiari yake, kano ile inavutika na kuusaidia mgongo kuinuka chini ya mpandaji. Ndiyo maana waalimu wazuri hutumia muda mwingi kumwacha farasi mchanga anyooshe shingo. Anayepita njiani atadhani hawafanyi kitu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Halafu duara. Farasi wote, kama sisi, wana upande wenye nguvu na upande mvivu. Mmoja hujipinda vizuri kushoto, kulia akawa kama mbao. Basi anazungushwa kwenye duara pana la mita 20, huku na huku, mwendo ukibadilishwa kutoka kutembea kwenda mchakamchaka, kurudi kutembea, kusimama, kuanza tena, na kupumzishwa katikati kwa hatamu ndefu. Wiki, miezi. Baadaye linakuja zoezi ambalo Mfaransa François Robichon de La Guérinière alilifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1733: farasi anakwenda kando ya ukuta huku mabega yake yameletwa ndani kidogo, hivyo mguu wa nyuma wa ndani unalazimika kuingia chini ya tumbo na kubeba uzito. Karibu miaka 300 imepita na zoezi hilo bado linatumika kila siku, kwa sababu linalainisha mabega, mbavu na nyonga kwa mkupuo mmoja.

Miaka inapita. Viungo vya miguu ya nyuma vinapata nguvu ya kujikunja, nyuma inashuka, mbele inakuwa nyepesi na kuinuka. Na hapo, bila mtu kuvuta kitu, shingo inapanda na kujipinda, na uso unakaribia wima. Kichwa kile ni risiti. Malipo yalifanyika nyuma, kwenye nyonga na mgongo, kwa miaka kadhaa. FEI yenyewe haimruhusu farasi kushindana ngazi ya Grand Prix kabla ya miaka minane. Hiyo ndiyo bei.

Sasa wajanja wakagundua kitu. Kama wanunuzi na majaji wanatazama risiti, kwa nini tulipe? Tughushi risiti!

Ndipo ukazuka mtindo ambao Wajerumani waliuita rolkuri. Unavuta hatamu mpaka kidevu cha farasi kinakaribia kifua, unamshikilia hapo, wakati mwingine kwa dakika nyingi. Farasi ana kilo 500 au 600, utamvutaje? Kwa chuma. Farasi wa ngazi za juu wamezoeleka kuvishwa vyuma viwili mdomoni, kimoja chenye mikono ya wenzo na mnyororo chini ya kidevu. Ulimi na taya havina misuli ya kushindana na wenzo. Ukifunga na mkanda wa pua ukaukaza sana, hata mdomo kufungua kusema “naumia” hawezi.

Matokeo? Njia ya hewa kooni inabanwa. Mbele haoni vizuri. Mgongo unakaza badala ya kubembea. Tafiti nyingi zilizofanywa juu ya mkao huu zimeonyesha dalili za mfadhaiko. Daktari wa mifugo wa Ujerumani, Gerd Heuschmann, ambaye naye ni mpanda farasi, alitoa kitabu mwaka 2006 akieleza tofauti ya farasi anayetembea kwa mgongo na farasi anayetembea kwa miguu tu. Wa pili anarusha miguu ya mbele juu kwa madaha, watu wanapiga makofi, lakini mgongo umekufa.

Unaweza kupima mwenyewe, huhitaji digrii. Chukua picha ya farasi akiwa kwenye mchakamchaka. Mguu mmoja wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili huenda pamoja. Je, sehemu zilizonyooshwa mbele zinaelekea kuwa sambamba? Au wa mbele umepaa angani na wa nyuma umebaki unaburuzika? Kisha tazama mkia: unaning’inia na kuyumba, au unapiga huku na huku kwa hasira? Mdomo umetulia au umeachama? Dakika mbili tu na utaona ambayo baadhi ya majaji hawakuyaona.

Oktoba 2009 ilisambaa video kutoka mashindano ya Odense, Denmark. Farasi anapashwa misuli, shingo imekunjwa, na ulimi umetoka nje ukiwa wa bluu. Dunia ya farasi ikawaka. Februari 2010 FEI ikaita kikao Lausanne, Uswisi, na Heuschmann akawasilisha maelfu ya saini za watu wanaopinga. Kikao kikatamka kwamba kukunja shingo kwa nguvu na ukali hakukubaliki. Vigelegele! Lakini palepale kikaacha mlango: kukunja shingo bila nguvu, kwa chini na kwa mviringo, ruksa.

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari, nimekaa kwenye mikutano mingi ya kutangaza kanuni. Kanuni inayokataza ukali lakini inaruhusu umbo linaloletwa na ukali, nani atapima? Msimamizi aliyesimama kando ya uzio ataujuaje uzito ulioko kwenye mkono wa mpandaji? Ni kama kukataza rushwa ila kuruhusu bahasha.

Soko nalo likasoma alama za nyakati. Alikuwepo farasi mweusi aliyeitwa Totilas. Desemba 2009, London, akiwa na Mholanzi Edward Gal, alipata asilimia 92.30, rekodi wakati huo. Mwaka 2010 akauzwa Ujerumani kwa bei ambayo vyombo vya habari viliikadiria kuwa karibu euro milioni 10. Wakosoaji walikuwa wakisema miguu yake ya mbele inaahidi kuliko nyuma inavyotimiza. Majaji waliona maajabu. Mwaka 2015, baada ya mashindano ya Ulaya pale Aachen ambako alikutwa na jeraha la mguu wa nyuma, akastaafishwa. Sisemi mkao wa shingo ndio uliomuumiza. Ninachosema ni kwamba kila mfugaji na kila mwalimu alijifunza somo moja: miguu ya mbele inayopaa ina mamilioni ndani yake. Mgongo unaobembea hauonekani kwenye mnada.

Haya, nasikia wapinzani. Niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: farasi ni mkubwa, angekuwa anaumia angemtupa mtu chini. Ndugu yangu, umewahi kumwona punda aliyezidishiwa mzigo? Anagoma mara ngapi kabla ya kujifunza kwamba kugoma hakusaidii? Mnyama akishajua kuwa lolote atakalofanya halibadilishi kitu, ananyamaza. Ukimya huo si ridhaa. Na farasi ni mnyama wa kuwindwa, asili yake ni kuficha maumivu.

Wa pili anasema: wanaofanya hivyo wanashinda, kwa hiyo inafanya kazi. Hapana. Wanashinda kwa sababu kuna watu saba wamekaa pembeni ya uwanja wanatoa namba kuanzia sifuri mpaka kumi. Hii si mbio za mita 100 ambako saa ndiyo hakimu. Hapa kushinda ni uamuzi wa macho ya watu, na macho yanaweza kufundishwa vibaya.

Wa tatu, huyu namheshimu zaidi, anasema: basi tuache kupanda farasi kabisa. Ana hoja. Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, sote tuliona kilichotokea kwenye pentathloni. Mjerumani Annika Schleu akiongoza, akapewa kwa kura farasi aitwaye Saint Boy, na kanuni zikampa dakika 20 tu za kuzoeana naye. Farasi akagoma. Mwanadada akalia na kuchapa, kocha wake akampiga farasi ngumi. Shirikisho la mchezo huo likaamua kuwaondoa farasi kabisa, na Paris 2024 ikawa mara yao ya mwisho. Dakika 20! Hata pikipiki ya kuazima unaipa muda zaidi.

Lakini siendi naye mpaka mwisho. Ninachokiona kwenye ile kazi ya polepole, duara na hatamu ndefu, ni mnyama anayesaidiwa kubeba mzigo bila kuvunjika. Farasi aliyefundishwa hivyo hudumu. Pale Vienna, Austria, kwenye Shule ya Kihispania ambayo ukumbi wake wa majira ya baridi ulikamilika mwaka 1735, farasi weupe wa Lipica bado wanafundishwa kwa miaka mingi kabla ya kupewa mambo mazito. Sisemi kila kitu pale ni peponi. Nasema njia ipo, inajulikana, ina karne kadhaa. Mgiriki Xenofoni aliandika kitabu cha upandaji farasi karne ya nne kabla ya Kristo, na tayari alishaona kwamba kinachopatikana kwa kumlazimisha mnyama hakiwezi kuwa kizuri. Hatukukosa maarifa. Tulikosa subira.

FEI haijalala kabisa, tuwe wakweli. Dujardin alifungiwa mwaka mmoja na kutozwa faini ya faranga 10,000 za Uswisi. Mwaka 2025 kikaletwa kifaa cha kupima kama mkanda wa pua umekazwa kupita kiasi, kwa sababu zamani kila msimamizi alipima kwa vidole vyake. Sawa. Lakini oneni mpangilio wenyewe: aliyenaswa na kamera akichapa anaadhibiwa, na aliyetengeneza shingo ya kughushi mbele ya kamera anavishwa medali. Mnafukuza mwizi mmoja huku soko la mali ya wizi mmeliacha wazi.

Nataka nini? Mambo mawili tu. Kwanza, uwanja wa kupashia misuli uhesabiwe kwenye alama. Mtu akimkunja farasi nusu saa huko nyuma, asije mbele kupewa nane ya ulaini. Pili, mitihani mingi ya ngazi za chini huwa na kipengele kimoja kizuri sana: kwenye duara la mita 20 mpandaji anaachia hatamu polepole, na farasi anatakiwa aifuate kwa kunyoosha shingo mbele na chini, bila kuharakisha wala kupoteza mdundo. Kipengele hicho kipelekwe hadi Grand Prix, hadi Olimpiki, na kipewe uzito mkubwa. Aliyelegea kweli ataifuata hatamu. Aliyefungwa kwa nguvu, ukimwachia, atakimbia, atarusha kichwa, au atabaki amejikunja vilevile kwa woga. Kipimo hicho ni kigumu kughushi, maana kinapima kinachotokea mkono unapofunguka.

Na hapo ndipo inapotuhusu. Wengi wetu tulisoma shule za fimbo. Darasa likinyamaza mwalimu alipoingia, wageni wakasifu nidhamu. Lakini ninyi mnakumbuka kilichotokea mwalimu alipotoka. Nimefanya kazi kwenye ofisi ambako bosi akipita wote wanainamisha vichwa kwenye kompyuta, na akisafiri gazeti linachelewa. Kote huko tulighushi risiti. Tulipima adabu kwa vichwa vilivyoinama, wakati kipimo ni kile kinachofanyika hatamu ikiachiwa.

Juzi nimerudi kwa yule mzee wa michezo. Nikamwonyesha picha mbili za farasi kwenye simu, mmoja amekunjwa, mwingine amenyoosha shingo, mgongo umeinuka, mkia umetulia. Nikamuuliza, “Mzee wangu, yupi ana adabu?” Akazitazama kwa muda. Akasema, “Huyu wa pili anaonekana hana habari na mtu.” Nikamwambia ndiye aliyefundishwa. Akanirudishia simu, akasema, “Basi mimi nilisifia samaki.”

Ile methali ni nzuri, sitaki kuigombanisha na wahenga. Ila kumbukeni samaki tunamkunja akiwa amekwisha kufa, tayari kwa kuokwa. Farasi yuko hai.

Naomba kutoa hoja.